Siri ya Miezi Mitatu

Kwetu mimba changa haitangazwi. Mwanamke huijua, mumewe huambiwa, pengine na mama mzazi, kisha mlango hufungwa mpaka tumbo lenyewe lijitangaze. Atakayeuliza ataambiwa "nimechoka tu" au "jua la siku hizi kali". Nimekulia Tanga, katika nyumba ya wanawake wengi, na sikumbuki hata mara moja habari hiyo ikitolewa sebuleni. Ilipitia jikoni, kwa macho, huku mtu akipepeta mchele.

Siidharau desturi hii. Watu huitaja husuda na jicho baya, na anayeamini ana haki ya imani yake, lakini chini yake naiona akili ya wazee waliozoea kuhesabu hasara. Katika kila mimba kumi zinazojulikana, moja au mbili huharibika, na nyingi ya hizo hutoka kabla ya wiki ya 12. Aliyeutangazia mtaa mzima furaha yake atalazimika kuurudia mtaa uleule na msiba, na kila atakayempa pole atalichokonoa donda. Ukimya ulimwepusha na mzunguko huo. Ugomvi wangu ni na jinsi siri yenyewe ilivyotanuka. Ilikuwa ya kuwaficha majirani. Siku hizi anafichwa muuguzi, anafichwa muuza dawa, anafichwa hata ndugu anayelala chumba cha pili na ambaye ndiye atakayemkimbiza mgonjwa usiku. Na miezi hiyo mitatu tuliyoipa siri ndiyo yenye hatari ambazo hakuna jicho linaloweza kuziona kwa nje.

Bibi yangu hakuhitaji kipimo. Alijua kwa kitunguu: kikianza kukaangwa, aliyekuwa akijikaza huinuka akatoka uani. Alijua kwa mate, kwa kuwa kuna wanawake ambao mimba changa huwajaza mate mdomoni wakashinda wakitema. Alijua kwa usingizi wa saa nne asubuhi, kwa embe bichi la chumvi na pilipili, kwa mtu anayefungua mlango wa msalani usiku kucha. Na alijua, huku akicheka, kwa bibi harusi wa juzi aliyeanza kugeukia ukutani kwa sababu harufu ya mumewe imekuwa kero. Mimba imemkataa mume, walisema, na mume mwenye busara alihamishia mto wake sebuleni bila kununa.

Sayansi haimpingi bibi. Yai lililorutubishwa likishajishikiza, mwili huanza kutengeneza homoni iitwayo hCG, na nyingine, projesteroni, hupanda. Projesteroni humlegeza mtu: utumbo unakwenda polepole, choo kinakuwa kigumu, tumbo linajaa gesi, macho yanakuwa mazito mchana. Matiti hujaa na kuuma kama yanavyouma siku za kukaribia hedhi, ila safari hii hedhi yenyewe haiji. Damu mwilini huongezeka na figo hufanya kazi zaidi, ndiyo sababu ya safari za msalani hata kabla mtoto hajafikia ukubwa wa punje ya harage.

Shida ni kwamba hakuna hata dalili moja kati ya hizo iliyo mali ya mimba peke yake. Uchovu, kichefuchefu, kichwa kizito, hamu ya kula imekwisha: mtaje mtu wa Pwani dalili hizo naye atakujibu malaria kabla hujamaliza sentensi. Nina binamu aliyemeza dozi nzima ya mseto aliyonunua dukani, kichefuchefu kisipoisha akaambiwa ni taifodi, akaanza vidonge vingine. Katika wiki zote hizo, na kwa watu wote waliompa ushauri, hakuna aliyemwuliza swali ambalo bibi angeliuliza kwanza: mwezini uliingia lini mara ya mwisho? Naye hakulisema mwenyewe, maana ilikuwa siri.

Hapa mambo yanakwenda pande mbili, na pande zote zina hatari. Dawa fulani hazifai katika miezi ya mwanzo. Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu: kati ya mwaka 1957 na 1961 dawa iitwayo thalidomide iliuzwa Ujerumani Magharibi na nchi nyingine nyingi, na wajawazito waliimeza kutuliza kichefuchefu kilekile ninachokizungumzia. Zaidi ya watoto 10,000 walizaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Kwetu, SP ambayo wajawazito hupewa kliniki kuzuia malaria haitolewi kabla ya wiki ya 13. Upande wa pili, malaria ya kweli kwa mwenye mimba ni mbaya kuliko kwa mtu mwingine, haifai kuachwa kwa sababu "ni mimba tu". Tangu Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mseto hata kwa mimba ya miezi mitatu ya kwanza, malaria ikishathibitishwa kwa kipimo. Nami ningependa kila shangazi alijue hili: homa, ile ya mwili kuchemka na kutetemeka, haimo katika dalili za mimba. Mwenye mimba akiwa na homa ana ugonjwa, na ugonjwa hupimwa.

Kupima mimba yenyewe kumekuwa jambo dogo mno kiasi kwamba tumesahau lilivyowahangaisha watu. Wamisri wa kale walimwambia mwanamke akojolee mbegu za ngano na shayiri. Zikiota, ana mimba. Lilionekana kichekesho mpaka mwaka 1963, watafiti waliporudia jaribio wakakuta mkojo wa wajawazito uliacha mbegu ziote mara nyingi, ingawa si kila mara, na ule wa wengine uliziua. Miaka ya 1930 ikawa zamu ya vyura wa Afrika Kusini. Kutokana na kazi ya Lancelot Hogben na wenzake Cape Town, iligundulika kwamba chura jike wa huko akidungwa mkojo wa mjamzito hutaga mayai kabla ya siku kwisha, na vyura hao wakasafirishwa hospitali za dunia nzima. Kisha mwaka 1967 msichana mmoja msanifu, Margaret Crane, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Organon huko New Jersey, aliiona mirija ya maabara imepangwa mezani akajiuliza kwa nini mwanamke asijipimie nyumbani kwake. Wakubwa wake hawakulipenda wazo hilo. Kipimo kilianza kuuzwa Kanada miaka michache baadaye, na Marekani mwaka 1977.

Leo kinauzwa kila duka la dawa kwa bei isiyozidi sahani ya wali wa mama lishe. Kinasomeka vizuri kuanzia siku ile hedhi ilipotakiwa kuja ikakosa, na mkojo wa asubuhi ndio mzito wa habari. Kikionyesha mstari mmoja na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki. Kwa wanawake waliolelewa katika siri kama sisi, Crane ametufaa kuliko anavyojua. Mtu anaweza kuujua ukweli wake mwenyewe chumbani, kabla wifi hajasoma uso wake.

Niseme pia juu ya hesabu, kwa kuwa imevunja nyumba za watu. Wakunga huhesabu wiki za mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu ndiyo siku ambayo mwanamke anaikumbuka. Siku ya kutunga mimba ni vigumu kuijua. Yai hutoka kama wiki mbili baadaye. Kwa hiyo mtu akiambiwa kliniki "mimba ya wiki sita", mimba ilitungwa wiki nne zilizopita. Sasa mpe habari hiyo dereva wa lori ambaye wiki sita zilizopita alikuwa Lubumbashi na amerudi Dar es Salaam mwezi mmoja tu uliopita. Nimehudhuria kikao cha wazee kilichoitishwa kwa jambo hilo. Mzee mmoja, fundi cherehani asiye na elimu ya uuguzi lakini baba wa watoto wengi, ndiye aliyekimaliza kwa kuomba kadi ya kliniki na kalenda. Muuguzi angetumia dakika moja kumweleza yule mume hesabu hiyo, kikao kisingeitishwa.

Kipimo kina mpaka wake, na mpaka huo ndio ulionifanya nikae kuandika. Mistari miwili ni hodi: inakwambia kuna mtu, haikwambii yuko mlango gani. Homoni ileile huonekana kwenye mkojo mimba ikiwa ndani ya mji wa mimba, ikiwa imenasa kwenye mrija, ikiwa imeshaanza kuharibika, au ikiwa ni ile wanayoiita mimba zabibu, ambapo kondo hukua vibaya na mara nyingi hakuna mtoto kabisa.

Mdogo wangu alikuwa na mistari miwili. Mumewe alikuwa kazini bara, naye aliamua kumsubiri arudi ndipo amwambie ana kwa ana, jambo ambalo mke yeyote mwenye mapenzi angelifanya. Maumivu yalianza chini ya tumbo, upande wa kulia, ya kuja na kuondoka, pamoja na matone ya damu ya rangi ya kahawia. Aliyekuwa karibu ni wifi yake, mwanamke mwema sana, ambaye hakujua kuna mimba. Kwetu kila maumivu ya chini ya kitovu kwa mwanamke ni chango mpaka ithibitike vingine, basi wifi akamchemshia mizizi, akamkanda kwa maji moto, akamwambia avumilie. Akavumilia. Anasifiwa kwa hilo tangu utotoni. Alfajiri moja akaanguka msalani. Alipozinduka alilalamika bega, wala hakulalamika tumbo, na midomo yake ilikuwa imepauka. Hospitalini daktari alipouliza hedhi ya mwisho, aliyekuwa akijibu maswali ni wifi, na wifi akajibu alivyojua: hana mimba huyu, mumewe yuko safari. Dakika zikapita mpaka mgonjwa mwenyewe akanong'ona. Walipompasua walikuta tumbo limejaa damu. Mrija wa kulia ukaondolewa, akaongezewa damu ya watu asiowajua. Yuko hai, na haya nimeyaandika kwa ruhusa yake.

Mimba ya nje ya kizazi huwapata kiasi cha wajawazito mmoja au wawili katika kila 100, na zaidi ya tisa katika kumi ya mimba hizo hukaa kwenye mirija. Mrija ni mwembamba, haukuumbwa kutanuka. Mara nyingi hupasuka kuanzia wiki ya sita au ya saba, wakati ambapo tumbo halijaonekana, kliniki haijaanzwa, na kwa desturi yetu hakuna anayejua kitu. Aliyewahi kuugua maambukizi ya mirija, kwa mfano kutokana na kisonono au klamidia, yuko katika hatari zaidi, vilevile aliyewahi kupata mimba ya namna hiyo au kufanyiwa upasuaji wa mirija, na mvuta sigara. Lakini karibu nusu ya wanaopatwa hawana sababu yoyote ya kuoneshwa kidole. Lile bega la mdogo wangu nalo lina maelezo yake: damu iliyomwagika tumboni huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mishipa ya fahamu ya kiwambo hupeleka habari begani. Mimba hiyo haiwezi kuhamishiwa kwenye mji wa mimba. Ikigunduliwa mapema kwa ultrasaundi na kipimo cha damu, kuna wanaotibiwa kwa sindano bila kupasuliwa. Ikichelewa, kilichobaki ni kisu na damu, kama ipo.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba akina mama hufa kwa kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Nimeusoma mgawanyo huo mara nyingi nikimfikiria mdogo wangu. Barabara ilikuwepo, bajaji ilipatikana, daktari alikuwa zamu. Kilichotaka kumuua ni kuchelewa kwa aina ya kwanza, nako kulikuwa kumeundwa na mambo ambayo sote tunayaita mema: siri, mapenzi kwa mume, uvumilivu. Nchi inaweza kufanya mengi kwa aina mbili nyingine. Tanzania ilihesabu vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, na 104 katika ule wa 2022. Lakini ile aina ya kwanza ya kuchelewa inaamuliwa nyumbani, mara nyingi na watu wasiojua wanaamua nini.

Uvumilivu ni sifa ninayoionea mashaka kadiri ninavyozeeka. Tunamfundisha binti kuvumilia maumivu ya hedhi, kisha ya ndoa, kisha ya uzazi, halafu tunashangaa hajui kuutofautisha uchungu wa kawaida na uchungu wa kufa.

Damu, kwa mfano. Wako wanaoiona damu kidogo katika miezi ya mwanzo wakaamua kwamba yamekwisha, wakalala kulia. Wako wanaoiona wakasema ni kawaida, hata jirani ilimtoka na akazaa. Wote wana nusu ya ukweli. Karibu mwanamke mmoja katika kila wanne hutokwa na damu kiasi mwanzoni mwa mimba, na walio wengi wao huendelea vizuri mpaka kujifungua. Hata hivyo hakuna anayeweza kukaa sebuleni akajua damu hii ni ya wale au ya hawa. Damu ya mimba, hata matone, ni ya kuoneshwa. Ikiwa nyingi, ikalowesha pedi mbili kwa saa moja na isikome, au ikatoka na mabonge, au pamoja nayo kuna homa na harufu mbaya, hiyo si ya kusubiri kupambazuke. Aliye na kundi la damu hasi huenda akahitaji sindano ya kulinda mimba zijazo, ambayo hutolewa ndani ya saa 72, naye hawezi kujua hilo akiwa kitandani kwake.

Na mimba ikishatoka, mwacheni mtu. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika mapema huwa na kasoro ya kromosomu iliyokuwepo tangu siku ya kwanza. Ndoo ya maji haikuitoa. Nanasi halikuitoa, wala ugomvi na mawifi, wala safari ya basi, wala mke mwenzie. Nimesikia wanawake wakihukumiwa kwa hayo yote, tena mbele yao. Lingine ni baya zaidi: wako wanaobaki ndani na damu inawamwagika kwa kuogopa kwamba wakienda hospitali wataambiwa wameitoa wenyewe. Huduma baada ya mimba kuharibika ni sehemu ya huduma halali za afya nchini, na anayevuja damu anastahili kuhudumiwa kwanza. Muuguzi anayeanza na mahojiano ya kipolisi kwa mtu wa hali hiyo ameikosea kazi yake.

Kutapika ndiko kunakochekesha watu, na mimi sicheki. Kichefuchefu huanza karibu wiki ya sita, hukolea karibu wiki ya tisa, na kwa wengi hutulia kufikia wiki ya 16 au mapema zaidi. Huitwa cha asubuhi na hakijui saa. Chai ya tangawizi huwasaidia baadhi, kula kidogo kidogo, kitu kikavu kabla ya kuinuka kitandani: muhogo wa kuchemsha, mkate mkavu, chochote kinachokubali. Mimba yangu ya pili haikukubali chochote. Nililala sakafuni kwa sababu sakafu haina harufu, na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alisema kwa upole kabisa kwamba wao walizaa saba na kulima juu yake. Aliona nadeka. Baadaye akaniletea maji ya ndimu, nikayatapika mbele yake, akanyamaza, na ni yeye aliyesema twende kituo cha afya. Niliwekewa dripu. Namkumbuka zaidi kwa lile la pili.

Kudeka huku kuna historia. Charlotte Brontë, mwandishi Mwingereza, alikufa mwaka 1855 akiwa na mimba changa, na wengi wanaochunguza habari zake wanaona kutapika kupita kiasi kulichangia. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliwaambia wanawake wa namna hii kwamba shida iko kichwani, kwamba labda hawaitaki mimba. Desemba 2023 kundi la watafiti, miongoni mwao Marlena Fejzo ambaye mwenyewe aliwahi kuteseka hivyo na kupoteza mimba, lilichapisha matokeo yanayoonesha kwamba homoni iitwayo GDF15, inayotoka kwa kiumbe kilicho tumboni, ndiyo yenye mchango mkubwa, hasa kwa mama ambaye mwili wake haukuizoea kabla. Kumbe ni damu, wala si tabia. Alama za kuangalia ni hizi: maji hayakai tumboni siku nzima, mkojo umekuwa wa rangi ya chai au hautoki kabisa kwa saa nyingi, mtu akisimama anaona giza, uzito unashuka. Hapo hakuna tangawizi. Ni dripu.

Udongo nao nautaja kwa kifupi maana najua unaliwa. Ile pemba inayouzwa sokoni kwa vipande huliwa na wajawazito wengi, na hamu yake mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu. Mwenye hamu hiyo akapime wingi wa damu. Udongo wenyewe huzuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye chakula, kwa hiyo unaokula ili upone ndio unaokuzidishia.

Kliniki inatakiwa kuanzwa kabla ya wiki ya 12. Shirika la Afya Duniani lilisema hivyo mwaka 2016, likataka mama aonane na wahudumu mara nane mpaka kujifungua. Wanawake wengi ninaowajua huanza mwezi wa tano, tumbo likishakuwa la kuoneshwa. Sababu yao ni kwamba hawaumwi. Lakini siku hiyo ya kwanza hupimwa vitu visivyouma: wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, virusi vya Ukimwi, shinikizo la damu, mkojo. Kaswende hutibiwa kwa penisilini, mtoto akaokoka. Mama mwenye VVU huanzishiwa dawa, mtoto akazaliwa salama. Na kuna foliki asidi, ambayo ina haraka kuliko yote, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu kutungwa mimba, wakati wengi ndio kwanza wanashangaa hedhi imechelewa. Ndiyo maana anayepanga kuzaa huanza kuimeza kabla, mikrogramu 400 kwa siku.

Sitawalaumu wanawake peke yao kwa kuchelewa. Kuna zahanati ambako asiyekuja na mwenza wake husubiri nyuma ya wote, au huambiwa akalete barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba hana mume. Nia ilikuwa nzuri, ya kuwaleta akina baba wapimwe. Matokeo yake ni kwamba aliyeachwa, aliyebakwa na mwenye umri wa miaka 16 hawaendi. Binti wa shule alikuwa na sababu nyingine: mpaka Novemba 2021 mimba ilimfukuza shule, na hakuruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Sasa anaruhusiwa. Lakini hofu haifutwi na waraka kwa siku moja, na bado kuna wasichana wanaojifunga kanga tumboni wakiomba iwe ndoto. Kwao siri ni ukuta, na nyuma ya ukuta huo wanaweza kufa kwa kitu ambacho mkunga angekikamata kwa kuuliza maswali matatu.

Ndiyo maana siku hizi binti zangu na wapwa zangu wakiolewa sizungumzi nao habari za kuitunza siri. Nawaambia waichague. Majirani wafichwe hata miezi sita wakitaka. Ila awepo mtu mmoja anayelala karibu, mwenye simu na mwenye miguu, anayejua kuna mimba na anajua siku ya hedhi ya mwisho. Na awepo mhudumu mmoja wa afya aliyeliandika jambo hilo kwenye kadi. Kwa waume zao nina neno fupi: nauli ya usiku iwekwe pembeni tangu mstari wa pili unapoonekana, isisubiri mwezi wa tisa. Sehemu nyingi za Tanzania namba 115 hupigwa bila malipo kuita usafiri wa dharura wa mama mjamzito kupitia mfumo wa m-mama, na haiwahusu wenye uchungu wa kuzaa peke yao.

Nawe msomaji, kama hedhi yako imepita siku zake na tumbo linakuuma upande mmoja, au unatokwa na damu, au umezimia, au una homa, au hata maji hayakai tumboni, nenda leo, iwe mchana au usiku. Na yeyote atakayekupokea mlangoni, kabla hajakuuliza jina, mwambie huenda una mimba.